Langilangi Halisubiri

Maneno haya ya langilangi, lile ua la manukato la mti wa mlangilangi, niliyasema Wete, Pemba, mbele ya wakulima wa viungo na akina mama wanaotengeneza singo ya kusugulia maharusi, vikuba vya maua na mafuta ya nywele. Waliokosa kufika wameomba wayapate yote, nami nayaweka hapa kama yalivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha, ahsanteni sana kwa kuja. Najua wapo walioacha karafuu zimeanikwa na wingu limetanda, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye lililotuleta.

Naanza kwa kuuliza. Nani hapa haijui harufu ya langilangi? Sioni mkono. Haya, nani kwao au kwa jirani yao hapajapata kuwa na mlangilangi? Mikono mitano, sita. Na nani hapa, mwaka huu, mti ule umemwingizia fedha yoyote, hata ya kununulia sukari? Mama wawili. Watatu. Nakuona bibi, wanne.

Basi hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Mti tunao. Harufu tunaijua tangu tukibebwa mgongoni. Lakini maua yanaanguka, yanafagiliwa asubuhi pamoja na majani makavu, na ikikaribia harusi tunatoka mbio kwenda kununua chupa iliyotoka Dubai. Kwa nini? Mti una kasoro gani?

Mti hauna kasoro. Sisi tulifundishwa karafuu. Karafuu ina msimu wake, ina mnunuzi wake, bei yake inatangazwa redioni. Mlangilangi ulipandwa uani ili jioni upepo ukivuma nyumba inukie, na mwanamke apate ua la kutia katika nywele, basi. Hakuna aliyetuonyesha kwamba mti huu nao hulimwa, hukatwa, huchumwa kwa saa zake.

Na wenzetu wameulima. Asili yake ni huko Ufilipino na Indonesia, na ukoo wake ni mmoja na mstafeli na mtopetope. Kutoka huko ukaingia visiwa vya Bahari ya Hindi: Réunion, Nosy Be ya Madagascar, Maore (Mayotte), na Komoro. Leo Komoro, jamaa zetu hawa wa Nzwani, Mwali na Ngazija, ndio wanaotajwa mbele duniani kwa mafuta ya langilangi. Langilangi, vanila na karafuu: hayo ndiyo mazao yao makuu ya kuuza nje. Mwaka 1921 Ernest Beaux alipotengeneza manukato ya Chanel No. 5 kule Ufaransa, alitia maua matatu ambayo kila mmoja wenu anayajua: asumini, waridi na langilangi. Mama zangu, asumini, waridi na langilangi, hayo si mambo ya kwenye singo hayo? Bibi zetu walikuwa wanayatwanga pamoja bila kumsikia Beaux, na Beaux hakuwasikia wao.

Kwa hiyo sikuja kuwafundisha harufu. Nimekuja kusema neno moja tu, na nitalirudia mpaka mchoke: langilangi halisubiri. Karafuu ukishaianika ikakauka, utaiweka gunia, utaingoja bei. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, utayarundika mpaka gari la kwenda kiwanda cha mafuta cha Wawi lipatikane. Langilangi halina gunia. Likichumwa limeanza kufa, na harufu inaondoka saa baada ya saa. Kila nitakalosema leo, tangu kupanda mpaka kuuza, linatoka hapo.

Tuanze na mti wenyewe.

Upande wa Mtambwe ipo nyumba moja, wapo hapa wanaoijua, ina mlangilangi umekwenda juu kushindana na minazi. Mti mzuri. Ukipita usiku unaunusa kabla hujaiona nyumba. Mwenyewe aliniambia, "Maua haya ningeyauza, lakini nani atayafikia?" Vijana walijaribu kupanda. Sasa nyinyi ni watu wa mikarafuu, mnajua kupanda miti. Lakini mlangilangi hauaminiki. Tawi lake ni jepesi, halitoi ishara, linakatika ghafla. Kijana mmoja alianguka akavunjika mkono, na tangu siku hiyo maua yanaachwa yaanguke yenyewe. Na lililoanguka lenyewe limekwisha, halina cha kumpa mtu.

Mjukuu wa nyumba ile ile, binti, akafanya jambo jengine. Aliokota matunda yaliyoiva chini ya mti ule, yale meusi yanayopendwa na ndege, akayamenya akaziosha mbegu. Mbegu za mlangilangi ni nzito, jamani. Zinaota kwa kujivuta, nyengine mwezi, nyengine miezi miwili na zaidi, wala haziitikii wito kwa pamoja. Msizitupe mapema. Akazipanda kwenye mifuko mirefu, na hili la mifuko mirefu mlishike, kwa sababu mti huu unatuma mzizi mmoja moja kwa moja chini, na mzizi ule ukijikunja ndani ya mfuko mfupi, mche utadumaa mkauona ni uchawi. Masika yalipoingia akaihamishia shambani, penye jua, mahali ambapo maji hayatuami, na upande wa upepo akaacha migomba iikinge.

Miche ilipofika mwaka wa pili, mingine wa tatu, ikiwa imempita kimo, alichukua msumeno akaikata vichwa. Majirani wakamshangaa. Babu yake akakasirika: mti unakua vizuri, unaukatia nini? Lakini ndivyo wanavyofanya Komoro. Mti unakatwa kilele kwenye kama mita 2, usipande tena. Ukikatwa hivyo unatoa matawi ya pembeni, na matawi yale yakiwa bado machanga unayainamisha pole pole kuelekea chini, unayafunga kwa kamba kwenye kigingi, yakazoea kulala. Msingoje yakomae, tawi lililokomaa ukiliinamisha unabaki nalo mkononi. Ukienda kwenye shamba la Nzwani utakuta miti imejikunja imejipinda, mifupi, mtu asiyejua atadhani ina maradhi. Si maradhi. Ni mikono ya watu. Miti ile imefanywa hivyo ili mwanamke mwenye kikapu kiunoni asimame chini na achume ua lolote alitakalo bila ngazi.

Leo binti yule anachuma akiwa na mtoto mgongoni. Mti wa babu yake ungali pale, mrefu, unanukia, na sisemi ukatwe. Mti mkubwa uacheni uwe mama wa mbegu. Lakini unaoupanda leo, ukate kilele. Mita 4 au 5 baina ya mti na mti zinatosha kwa mti uliokatwa. Ukiuacha uende juu hutakuwa na langilangi, utakuwa na kivuli chenye harufu.

Sasa saa ya kuchuma. Hapa naomba mnisikilize zaidi, maana hapa ndipo fedha inapopotelea.

Nimeleta maua mawili. Mama uliyekaa mbele, yapokee, yapitishe nyuma, lakini msiyabinye. Hili la kwanza ni la kijani. Limeshafunguka, petali zake zote sita zinaning'inia, mtu mwenye haraka atasema limekwiva. Linuse. Linanukia majani, sivyo? Hili la pili limekaa mtini wiki mbili hadi tatu tangu lifunguke. Petali zimerefuka, zimekuwa za manjano, na ukizifunua ndani, pale chini kwenye shina la petali, utaona alama nyekundu ya kuelekea zambarau. Alama hiyo ndiyo inayokwambia nichume. Hakuna alama, liache. Na sasa litazameni lilivyofika nyuma: mnaona vialama vya hudhurungi? Hapo pameguswa na kucha. Ua lenu limeshaanza kuharibika mikononi mwenu na halijafika mstari wa mwisho.

Mawifi wawili walikuwa wakimpelekea maua mtengenezaji mmoja wa singo mjini Unguja. Wote wanachuma mti mmoja, uani kwao. Mmoja analipwa vizuri, mwengine anarudishiwa nusu ya mzigo. Palikuwa na ugomvi, palikuwa na maneno ya upendeleo, mpaka yule mnunuzi akawaita wote wawili akavifungua vikapu vyao sakafuni. Wifi mkubwa alichuma akishaswali alfajiri, ua moja moja, la manjano tu, akiyalaza kwenye pakacha lililotandikwa jani la mgomba, na jua likipanda anaacha. Wifi mdogo alichuma akishamaliza kazi za nyumbani, saa tano, saa sita, ya kijani na ya manjano pamoja, akayashindilia kwenye mfuko wa plastiki akaufunga asiyadondoshe garini. Mnunuzi alimwambia tia mkono ndani ya mfuko. Ndani mlikuwa na joto. Maua yalikuwa yamechemka yenyewe kwa yenyewe, yamekuwa meusi.

Mti ni mmoja! Harufu ya langilangi ina nguvu usiku mpaka alfajiri, na jua likishapanda inapeperuka. Anayechuma saa sita anachuma kilichobakishwa na jua. Kwa hiyo kuanzia alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, hapo ndipo. Baada ya hapo fanyeni mengine. Kikapu kiwe kipana, kisiwe kirefu, ili maua ya chini yasibebe maua ya juu. Mfuko wa plastiki, hapana. Hapana kabisa. Langilangi halisubiri, na ndani ya plastiki hata saa moja halisubiri.

Mtaniuliza: tumeshakata kilele, tumechuma alfajiri, tunampelekea nani?

Hapa nina rai yangu, na najua wapo wasioipenda. Kila mkutano wa namna hii husimama mtu akasema tununue mtambo, tupike mafuta kwa mvuke, tuuze Ulaya. Mimi nasema tuanze na yale ambayo mikono yetu inayajua. Hebu tupige hesabu pamoja. Kilo 100 za maua mabichi hutoa kilo 2 za mafuta, au karibu na hapo. Mti uliokomaa na kutunzwa, tuseme unakupa kilo 10 za maua kwa mwaka. Mwengine utazidi, mwengine utapungua. Maana yake miti 10 inakupa kilo 2 za mafuta mwaka mzima. Na maua hayo hayaji siku moja. Yanakuja kidogo kidogo karibu mwaka wote, yakizidi baada ya mvua, na kila yanapokuja yanataka kupikwa siku ile ile. Nani hapa ana miti 10? Na nani ana mtambo wa kumsubiri uani?

Na kuupika si kama kuchemsha chai. Moto unakaa saa 18, saa 20, mpaka saa 24. Mafuta yanayotoka saa ya kwanza na ya pili ndiyo bora, ndiyo wanayoyaita ekstra, hayo ndiyo yanayokwenda kwenye manukato ya ghali. Baadaye yanatoka ya daraja la kwanza, la pili, la tatu, na haya ya mwisho aghalabu huishia kwenye sabuni. Anayeyachanganya yote bila kujua amechanganya dhahabu na shaba akauza yote kwa bei ya shaba.

Mama mmoja wa Nzwani, aliyeolewa Unguja, alinisimulia utoto wake. Mama yake alikuwa mchumaji. Enzi za mkoloni makampuni ya Kifaransa yalimiliki mashamba makubwa kule, na ile kampuni ya Bambao ilishika sehemu kubwa ya ardhi ya Nzwani. Baadaye watu wadogo nao wakapanda, wakajenga mitambo yao ya shaba mabondeni. Wachumaji wanaingia shambani kungali giza, wanalipwa kwa kilo. Aliniambia, "Sisi tulikuwa tunanukia, lakini mfuko ulikuwa mtupu." Bei ya mafuta ikipanda huko ng'ambo, mwenye mtambo anafurahi. Ikianguka, wa kwanza kuumia ni mwenye kikapu, kwa sababu hawezi kulifungia ua lake ndani akasema nangoja bei nzuri. Na kuni! Mitambo mingi ya kule inakula kuni, na moto wa saa 20 si wa mizigo miwili. Nzwani imepoteza misitu yake mno, kwa kilimo, kwa mbao, kwa kuni za majikoni, na kwa kuni za langilangi pia, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka kiangazi na masika leo kiangazi ni mawe matupu. Pemba hii ina Msitu wa Ngezi, ina mabonde yake na chemchemi zake. Je, tuko tayari kuupika msitu ili tuuze harufu?

Sisemi mtambo ni haramu. Watu wakijiunga, wakiwa na mamia ya miti katika shehia mbili tatu zilizo karibu, wakapata jiko lisilobugia kuni na mnunuzi aliyeweka sahihi kabla moto haujawashwa, nitakuwa wa kwanza kuja kupongeza. Lakini mtambo uje mwisho. Usije mwanzo.

Mwanzo ni huku tuliko. Mwanzo ni kikuba. Msichana anaolewa Alhamisi; vikuba vinatakiwa Alhamisi hiyo hiyo, vya mrehani, asumini, waridi na langilangi, vibichi, vilivyofungwa jioni ile. Dubai haiwezi kuleta kikuba kibichi. Mombasa haiwezi kumletea bibi harusi wa Wete langilangi lililochumwa leo alfajiri. Hapo kuharibika upesi kwa ua ndiko kunakokulindia soko lako, kwa sababu aliye mbali hawezi kukufikia.

Mwanzo ni singo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa somo, mwenye kuwafunda maharusi, amewaingiza wasichana wengi chumbani. Nilikuwa namsaidia kutwanga. Asumini, langilangi, waridi, mpompia, mpachori, mrehani, kila kimoja kinaingia kinuni kwa zamu yake, na hakukubali mtu aanike singo juani. "Jua linaila," alikuwa akisema. Kivulini, kwenye ungo, penye upepo. Nimeona singo inauzwa siku hizi imekauka imekuwa rangi ya udongo, ukiinusa hupati kitu, na mwenyewe anasema wateja wamebadilika. Wateja hawajabadilika. Singo imeanikwa juani.

Na mwanzo ni mafuta ya nazi. Hili nalieleza taratibu kwa kuwa wengi mmeniuliza. Petali zilizochumwa alfajiri usizitie kwenye mafuta zikiwa mbichi kabisa. Zitandaze juu ya kitambaa safi kivulini mpaka zilegee, maji yapungue, kwa sababu maji ndiyo yanayoleta ukungu na kuyafanya mafuta yachache. Kisha zijaze kwenye chupa kavu ya mdomo mpana, mimina mafuta safi ya nazi yazifunike zote, ile inayochomoza juu ndiyo itakayooza. Siku chache zikipita, chuja, tia petali mpya kwenye mafuta yale yale. Rudia mpaka harufu ikuridhishe. Chuja mara ya mwisho kwa kitambaa kizito, funga, andika tarehe. Andika tarehe, mama zangu. Mgeni akiona tarehe anakuamini kabla hajafungua kifuniko.

Wageni nao tusiwasahau. Wanapelekwa kwenye mashamba ya viungo Kizimbani na Kidichi, kule Unguja, wanaonyeshwa mlangilangi, wanasuguliwa petali mkononi, wanaambiwa habari za Chanel, macho yanawatoka. Hapo hapo wanataka kununua. Mgeni mmoja alinionyesha kichupa alichouziwa njiani na mtu, kimeandikwa langilangi kwa herufi za dhahabu. Nilipotia tone kiganjani nilijua ni mafuta ya kupikia yaliyotiwa manukato ya dukani. Alikuwa ametoa dola kumi. Yule hatanunua tena kitu chochote chenye neno langilangi, si kwake yule muuzaji, si kwangu, si kwako wewe uliyeamka alfajiri. Kwa hiyo ukimjua anayefanya hivyo kijijini kwako, kaa naye, zungumza naye. Anakula jasho lako.

Neno la tahadhari kabla sijamaliza, kwa wale watakaopata mafuta halisi ya mtamboni. Hayo si ya kupaka hivi hivi. Yana nguvu, yanawasha ngozi za wengine na yakizidi yanaumiza kichwa. Tone moja au mawili katika kijiko cha chakula cha mafuta ya nazi yanatosha, na kwanza ujaribu sehemu ndogo ya mkono, ungoje mpaka kesho. Watoto wachanga wasipakwe. Hayanywewi, hata akisema nani.

Sasa, miche. Iko kivulini nyuma ya jengo hili, kwenye mifuko mirefu, kila mmoja achukue miwili, na mwenye shamba penye kinamasi asichukue, ampe jirani yake aliye mlimani. Wanaotaka kujifunza kukata kilele na kuinamisha matawi wabaki, upo mti wa miaka mitatu hapo uani na mwenyewe ametupa ruhusa. Msumeno ninao. Na yule mama aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mtambo, haya mama, lete swali lako.